Somo: tuchore seli ya neva hatua kwa hatua

Wakuu, hizi seli wengi tunakariri majina tu, ukiulizwa ujumbe unaanzia wapi na unaishia wapi unabaki kukodoa macho. Chukua penseli.

Hatua ya 1. Chora duara, weka kiini ndani. Huo ni mwili wa seli, hapa tusikawie.

Hatua ya 2. Toa vitawi vingi vifupi kama mizizi, ndio dendraiti, zinapokea. Upande wa pili toa mkia MMOJA mrefu, aksoni, huo unapeleka. Sasa weka mshale toka dendraiti hadi ncha ya aksoni, ukigeuza mshale umeharibu mchoro wote.

Hatua ya 3. Ivishe aksoni mayelini (ganda la mafuta linaloizunguka) lakini uache vijinafasi, itaonekana kama soseji zimefuatana. Ujumbe unakuwa kama unaruka toka kijinafasi hadi kijinafasi, ndo maana aksoni nene yenye mayelini inafikisha hata mita 120 kwa sekunde na isiyo nayo inajikokota kwenye mita 1 hivi.

Hatua ya 4, hapa tulia. Seli ikipumzika ndani yake ni hasi kuliko nje, kama milivolti -70. Ikishtuliwa mpaka kwenye -55 hivi milango ya sodiamu inafunguka kwa mkupuo, sodiamu inamiminika ndani, ndani panageuka chanya, halafu potasiamu nayo inatoka nje na hali inarudi hasi, yote hayo ndani ya milisekunde chache tu. Huo mshtuko wa umeme ndo ujumbe wenyewe. Isipofika kwenye hiyo -55 hakuna kitu, nusu ujumbe haupo.

Hatua ya 5. Ncha ya aksoni USIIGUSISHE na seli inayofuata (kosa la kila mtu, hata mimi nililifanya). Acha upenyo, hiyo ndo sinapsi. Umeme ukifika pale kalsiamu inaingia, vifuko vinamwaga kemikali kama asetilikolini, kemikali inavuka na kushika vipokezi ng'ambo.

MASWALI

– Mkuu nikijikwaa kidole cha mguu nasikia maumivu makali fasta, halafu baadaye kidogo ndo yanakuja yale ya kuuma taratibu, kwa nini?
– Ni aksoni za aina mbili hizo. Zenye mayelini nyembamba zinawahi, zisizo nayo zinaenda kama mita 1 kwa sekunde, na toka kidoleni hadi uti wa mgongo ni karibu mita nzima, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

– Kama hakuna nusu ujumbe, ubongo unajuaje nimeguswa tu au nimegongwa?
– Swali zuri hili. Unahesabu jumbe ngapi zimekuja kwa sekunde na toka seli ngapi. Ukigongwa zinakuja mfululizo.

– Kwahiyo neva na seli ya neva ni kitu kimoja?
– Hapana ndugu. Neva ni furushi la aksoni za seli nyingi zimefungwa pamoja, kama nyaya ndani ya kebo. Uliyochora hapo ni seli moja tu.