Kuku Akigoma Kuingia Bandani Magharibi, Kagua Banda Kwanza

Nilifika kwa mama mmoja upande wa Mtama, mkoani Lindi, jua likiwa linazama. Nilikwenda kwa shughuli ya mbuzi. Nikamkuta nyuma ya jiko na mwanzi mrefu mkononi, anawaswaga kuku 11 waliokwisha kupanda juu ya mkorosho. Nikamwamkia. "Marahaba bwana mifugo. Hawa kuku wamelogwa. Nimewajengea banda la tofali, bati jipya, wanalikimbia!"

Nikamwomba tusubiri giza liingie. Kama saa 2 usiku tukaingia bandani na tochi. Ndani alikuwamo koo mmoja tu, anaatamia, kilemba kimepauka kama karatasi. Nikachukua kisu cha jikoni nikapitisha ncha yake pale fito ilipoingia ukutani. Wakadondoka papasi: bapa, rangi ya udongo, na wawili watatu waliokwisha kushiba wamevimba, weusi wa buluu. Mama akashika kiuno. Hakusema tena habari za kulogwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu nakutana nacho mara nyingi, Lindi na Mtwara, na mara nyingi lawama humwendea kuku. Kuku haoni gizani. Jua likishazama hawezi kuhama, kwa hiyo mahali pa kulala anapachagua mapema, mwanga ukiwapo, na atakachokutana nacho humo usiku atakivumilia hadi asubuhi. Papasi nao wana ratiba yao. Mchana wamejificha kwenye nyufa na viungo vya miti, usiku wanatoka, wananyonya damu, wanarudi mafichoni. Ukikagua banda saa 6 mchana utaapa ni safi. Utitiri mwekundu wa kuku nao una tabia hiyo hiyo. Kuku aliyenyonywa siku tatu nne mfululizo haingii tena kwa hiari.

Dawa ya hilo ni kazi ya mikono kwanza. Toa fito zote nje, zimwagie maji yanayochemka, zianike juani. Ziba nyufa kwa udongo, kisha paka chokaa ukuta mzima, hasa pembeni na juu. Papasi hukaa miezi mingi bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu wiki mbili ukidhani watakufa njaa ni kujidanganya. Wakizidi, nunua dawa ya unga ya mifugo kwenye duka la pembejeo, ufuate maelezo ya kwenye pakiti. Na hapa niseme bila kupaka mafuta: dawa iliyobaki ya kupulizia mikorosho si ya kuku. Najua inakuwapo nyumbani na inashawishi. Usiiingize bandani.

Si kila mgomo ni papasi, lakini. Banda lisilo na dirisha huwa giza ndani wakati nje bado kweupe, na kuku hatoki kwenye mwanga kuingia asikokuona. Mlango ukielekea machweo husaidia, maana miale ya mwisho inaingia ndani. Kama banda limeshajengwa vingine, tundika taa ndogo ya sola ndani kuanzia saa 12 jioni, wote wakishapanda izime. Usiiache ikiwaka usiku kucha. Kuku naye anahitaji giza ili alale.

Kuku waliozoea mti hawahami kwa fimbo. Wafungie bandani siku saba, chakula na maji humo humo. Baada ya hapo wafungulie, ila kila siku saa 11 jioni warushie mtama au chenga za mahindi ndani ya banda, konzi mbili tatu zinatosha. Saa hiyo ndiyo wanayojaza gole, ule mfuko wa chakula shingoni, kwa ajili ya usiku, na watakuja wenyewe. Yule mama alifanya hivyo, kumi wakakubali. Jogoo mmoja mwekundu hakukubali mpaka leo.

Kwa nini tusiwaachie mti tu, kama walivyofanya wazee wetu? Mvua za huku zikishaanza, Novemba au Desemba, hadi Aprili huko, kuku wa mtini analowa usiku mzima. Kusi ikivuma Juni na Julai, wa Newala na Tandahimba wanajua baridi yake. Kuna kanu anayepanda mti vizuri kuliko wewe. Na kuna mwizi, ambaye hahitaji hata kupanda sana.

Fito zenyewe zina kanuni zake, na wengi tunakosea kwenye urefu. Ukizipanga kama ngazi, wenye nguvu wote watagombea ya juu kabisa, kwa sababu kuku hupenda kulala juu na kwao kuna wakubwa na wadogo. Zile kelele za kusukumana unazozisikia magharibi ndizo hizo. Ziweke zote kimo kimoja, sentimita 60 hadi mita moja kutoka chini, ugomvi utapungua. Kila kuku apate sentimita 20 hivi za kukaa. Unene wa fito uwe kama sentimita 5, iwe ya mviringo, bila ncha wala magome yanayobanduka, maana chini ya gome ndiko papasi wanakopanga. Kuku wa kienyeji anapanda bila taabu. Chotara wazito washushie, sentimita 40 zinawatosha, wakiruka kutoka juu wanaumia nyayo na baadaye unyayo unavimba usaha.

Vifaranga hulala chini na mama yao wiki za mwanzo, kisha koo huanza kupanda na wao wanamfuata. Waliolelewa bila koo hawana wa kumfuata. Wawekee kijiti chini chini tangu wiki ya tatu au ya nne, wajifunze mapema. Wakikua bila kupanda wanarundikana kwenye kona, na wa chini wanakosa hewa.

Tandika gunia au turubai chini ya fito. Kinyesi cha usiku ni taarifa ya bure kila asubuhi. Cha kawaida ni kigumu kiasi chenye weupe juu. Kile cha rangi ya kahawia kinachonata na kunuka sana, kikitokea mara moja moja, hakina neno, ingawa watu wengi hunipigia simu kwa ajili yake. Damu kwa kuku wadogo ni dalili ya kuhara damu. Kijani chenye majimaji, na kuku amejikunyata, fikiria kideri na umwite mtaalamu siku hiyo hiyo.

Jogoo akiwika alfajiri usikimbilie kufungua. Haamshwi na jua tu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliweka majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika, nao wakaendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24, maana yake saa wanayo mwilini. Miaka miwili baadaye wakaonyesha kwamba mkubwa wa kundi huwika kwanza, wengine wanafuata kwa vyeo. Ila kicheche hajui vyeo hivyo, na saa 11 alfajiri bado yuko kazini. Ngoja kupambazuke kabisa.

Kama una mitetea inayotaga vichakani, chelewa zaidi, mpaka saa 3 au 4, kwa sharti kwamba maji na chakula vimo ndani. Mayai mengi hutagwa asubuhi, kwa hiyo yatabaki kwenye viota badala ya kuliwa na kenge. Wakati unafungua, simama mlangoni uone nani anabaki nyuma. Kuku mzima hushuka upesi akiwa na njaa. Anayebaki juu ya fito wenzake wameshatoka, mshike, mpapase gole. Likiwa bado limejaa na gumu asubuhi, chakula cha jana hakikushuka, mtenge umwangalie.

Saa hiyo hiyo, kabla ya kufungua, ndiyo nzuri ya chanjo ya kideri. Wote wamo ndani, wametulia, huwakimbizi mtaa mzima. Chanjo iitwayo I-2 ni tone moja jichoni, mkubwa kwa mdogo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko nyingine, lakini usiizungushe juani kwenye mfuko wa suruali. Tarehe iandike kwa mkaa juu ya mlango wa banda. Daftari huwa linapotea.