Mbele ya kumupa mutu mashauri, murudishie kwanza ile umesikia

Kwa wale banasikilizaka batu hapa Goma, ku kanisa, mu kartie ao nyumbani tu: mutu akimaliza kukuelezea shida yake usikimbilie kusema "fanya hivi", murudishie kwanza kwa maneno yako ile umesikia na ile anajisikia ndani, kama vile "mama, nasikia umechoka na tena usiku unaogopa, njo vile?" kisha unyamaze. Akikuambia "hapana, ni hasira", ni muzuri sana, fata ile yake. Inasaidia juu anapata nafasi ya kujielewa mwenyewe na hakuna mwenye anamuhukumu. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika mu 1957 kama kumuelewa mutu kwa ndani, kumupokea bila masharti na kuwa mukweli naye njo vinamusaidia abadilike. Lakini ukirudisha maneno kama kasuku, atafunga kinywa. Na kama kuko hatari kusikiliza peke hakutoshe: mama mwenye amebakwa anapashwa kufika ku hospitali mbele masaa 72 ipite, apate dawa za kuzuia virusi vya sida. Hapo simama, musindikize.