Kuchanganya mpira wa matairi machakavu katika lami mjini Lubumbashi

Matairi yanayofaa zaidi kwa kazi hii ni ya malori, nayo hayakosekani Lubumbashi, mji unaopitiwa kila siku na malori ya shaba yanayoelekea Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia. Tairi la lori lina mpira wa asili mwingi kuliko tairi la gari dogo, na mpira wa asili hushikana na lami kwa urahisi zaidi. Yakusanywe kwa mafundi wa kuziba matairi kabla hayajachomwa moto mitaani, kwa maana moshi ule ni sumu, na watoto wetu ndio wanaouvuta.

Matairi hukatwa vipande na kusagwa, kisha nyaya za chuma hutolewa kwa sumaku na nyuzi za kitambaa kwa upepo. Chenga zinazobaki zisizidi milimita 2, tena ziwe kavu kabisa, kwani maji kidogo tu huifanya lami ya moto itoe povu na kufurika, na wafanyakazi wakaungua.

Kazi yenyewe hasa ni kupika. Katika kila kilo 100 za mchanganyiko, kilo 15 hadi 20 ziwe mpira na zilizobaki lami. Lami ipashwe moto hadi nyuzi 190 hivi za selsiasi, chenga zimiminwe kidogo kidogo huku mtambo ukikoroga, na ukorogaji uendelee kwa dakika 45 hadi 60 bila joto kushuka chini ya nyuzi 175. Wengi hudhani kwamba mpira huyeyuka. La, hunywa mafuta mepesi ya lami ukavimba kama maharagwe yaliyolowekwa, na kuvimba huko ndiko kunakoifanya lami iwe nzito na yenye kunyumbuka. Charles McDonald, mhandisi wa mji wa Phoenix nchini Marekani, alilitambua jambo hili katika miaka ya 1960, na muda wa kupika aliouona yeye ndio unaofuatwa hadi leo. Ukikatizwa, chenga hubaki ngumu. Ukipitishwa mno, mpira huvunjika na uzito ule hupotea. Mchanganyiko utumike siku hiyohiyo, maana ukiachwa bila kukorogwa chenga huzama.

Lami hii ikichanganywa na kokoto za barabara, zile za ukubwa wa kati zipunguzwe ili chenga zilizovimba zipate nafasi.

Utandazaji ufanyike wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Hata hivyo asubuhi za Juni na Julai huku kwetu ni za baridi, na lami hii hukakamaa upesi inapopoa. Ni heri kungoja jua lipande. Ishindiliwe ingali moto kwa mtambo wa magurudumu ya chuma, si wa matairi, kwa sababu mpira hunasana na mpira. Kabla ya kuruhusu magari, mchanga kidogo unyunyizwe juu ili lami isibanduliwe. Nayo mitaro ichimbwe kwanza, kwa kuwa maji yakituama chini ya barabara, hakuna mpira utakaoiokoa.