Kutembelea Makumbusho ya Taifa ya Iran, Tehran

Makumbusho yako mtaa wa Si-e Tir, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha metro cha Imam Khomeini. Majengo ni mawili. Iran Bastan, la matofali, lilichorwa na André Godard likafunguliwa mwaka 1937. Humo mna vitu vya kabla ya Uislamu. Vya enzi ya Kiislamu vimo katika jengo la jirani. Anza na Iran Bastan, tena asubuhi, macho yakiwa bado hayajachoka.

Kabla ya kutoka, hakikisha kwamba siku hiyo pamefunguliwa. Beba fedha taslimu, kwa sababu kadi za benki za nje hazifanyi kazi Iran. Bei huandikwa kwa riali, lakini watu hutaja tomani, na tomani 1 ni riali 10: uliza ni ipi kabla ya kuhesabu noti. Wanawake wabebe mtandio.

Kinachowapoteza wageni wengi ni tarehe. Tarakimu za Kiajemi hufanana na za Kiarabu, isipokuwa 4, 5 na 6, ambazo huandikwa ۴, ۵ na ۶. Ukiona ق.م, ni kabla ya Kristo. Mwaka wa jua wa Iran (ه.ش) uongezee 621 upate mwaka wa Kristo. Mwaka wa mwezi, yaani wa Hijria ya Kiislamu (ه.ق), ambao ndio ulioandikwa kwenye vyombo vya kale, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 600 Hijria ni takriban 1204. Ukijumlisha 622 tu bila kuzidisha, utapata 1222, kosa la miaka 18, kwa kuwa mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi.

Sanamu ya Mfalme Dario wa Uajemi ya kale, iliyofukuliwa katika mji wa kale wa Susa mwaka 1972, ipe robo saa nzima. Haina kichwa, na wengi huipita haraka kwa sababu hiyo. Izunguke. Vazi lina mwandiko wa kikabari katika lugha tatu, Kiajemi cha Kale, Kielamu na Kibabeli, pamoja na hieroglifi za Misri. Kisha chuchumaa utazame kitako: mataifa 24 ya himaya yake yamechongwa yakipiga magoti, mikono juu, na Nubia imo.

Usimkose Mtu wa Chumvi, kichwa chenye nywele na ndevu ndefu nyeupe kutoka mgodi wa Chehrabad, Zanjan. Chumvi ilifyonza maji mwilini, bakteria wakashindwa kumwozesha. Hereni ya dhahabu ingali sikioni.

Katika jengo la pili, tafuta vigae na bakuli za zarinfam, yaani ufinyanzi wenye mng'ao wa dhahabu. Chombo kilichokwisha kuchomwa hupakwa rangi yenye shaba na fedha, kikachomwa tena kwa moto wa chini usio na hewa ya kutosha, na utando mwembamba wa madini ukabaki juu. Ukisimama mbele yake moja kwa moja utaona kahawia tu. Sogea hatua mbili kando, inama kidogo, na mng'ao wa dhahabu utajitokeza.