Somo: Kutambua umri na uhalisi wa bunduki ya kale ya kivita

Ndugu wanachama, Nyanda za Juu Kusini bado zina bunduki za enzi ya Wajerumani na Waingereza, na simulizi linaloambatana nazo mara nyingi ni kwamba zilitekwa na Wahehe pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, siku alipouawa kamanda Emil von Zelewski na bunduki zipatazo 300 zikaangukia mikononi mwa watu wa Mkwawa. Somo hili linaeleza namna ya kulipima dai hilo kwa kusoma chuma chenyewe, kwa kuwa mihuri ya kiwanda na masimulizi ya ukoo ni mashahidi wawili wanaopaswa kuhojiwa kila mmoja peke yake.

Hatua ya kwanza ni usalama. Ichukulie silaha kuwa ina risasi, hata kama imelala darini tangu enzi za babu, na usijaribu kamwe kuifyatua. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye silaha awe na kibali. Asiye nacho aanzie polisi, uchunguzi utafuata baadaye.

Hatua ya pili ni kutambua aina. Gobole hushindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu na halina bolti (kipande cha chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kuingiza risasi), kwa hiyo halihusiki na mengi ya yanayofuata. Mauser, bunduki ya Kijerumani, ya mwaka 1871 ina bolti, hupokea risasi moja moja, na tundu la mtutu wake lina upana wa milimita 11. Mauser ya mwaka 1898 ina magazini (kihifadhi cha risasi) ya risasi 5 na tundu la milimita 7.92. Lee-Enfield fupi ya Waingereza ina magazini ya risasi 10 inayochomoza chini, mbele ya kifyatulio. Msidhani kwamba aina mpya ilifuta ya zamani: askari wengi wa jeshi la Wajerumani huku kwetu waliingia vita vya mwaka 1914 wakiwa bado na ile ya 1871, ambayo moshi wake mzito ulimwonyesha adui mahali walipojificha.

Hatua ya tatu, iliyo kiini cha kazi, ni kusoma mihuri. Mulika tochi kwa ubavu ili michoro hafifu itoe kivuli, kisha piga picha. Katika Mauser ya 1898, tazama juu ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi: kwa kawaida kuna taji, jina la kiwanda kama vile Spandau, Danzig, Erfurt au Amberg, na mwaka, ubavuni kushoto kuna maandishi ya Kijerumani ya mtindo wa kale yanayosomeka "Gew. 98". Ile ya kale ya askari wa miguu huandikwa "I.G.Mod.71" upande huohuo. Katika Lee-Enfield, tazama upande wa kulia, pale chuma kinapokutana na kitako. Herufi E.R. ni za Edward VII aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910, lakini G.R. zinaweza kuwa za George V au George VI, kwa hiyo pasipo mwaka herufi hizo peke yake hazitoshi.

Hatua ya nne ni kuulinganisha mwaka na matukio. Mwaka uliochongwa ni mwaka wa kutengenezwa, wala hausemi silaha ilifika lini Iringa. Kazi yake kubwa ni kukanusha. Mauser ya 1898 haikuweza kuwapo Lugalo, na kwa kuwa ilikubaliwa na jeshi la Ujerumani Aprili 1898, huku Mkwawa akijiua tarehe 19 Julai mwaka huohuo, si rahisi kuamini kwamba aliwahi kuishika. Vivyo hivyo, meli za mwisho zilizowaletea Wajerumani silaha zilikuwa Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Ndege kubwa ya gesi L 59 iliyotumwa kuwaletea vifaa Novemba 1917 ilirudi nyuma ikiwa Sudani. Kwa hiyo bunduki ya Kijerumani yenye mwaka 1917 haikubebwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika vita hivyo, hata simulizi lake liwe tamu kiasi gani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mafinga): Shikamoo Mwalimu. Namba ya bolti haifanani na ya mtutu. Je, ni ya kughushi?

Jibu: Marahaba. Hapana, si lazima. Mafundi wa jeshi walichanganya vipuri walipokarabati. Kinachotia shaka zaidi ni namba zinazofanana zote, lakini zenye kingo kali na chuma kinachong'aa ndani ya michongo, ilhali pembeni kumejaa kutu ya miaka mingi.

Swali (Mbeya mjini): Naweza kuipiga msasa ili mihuri ionekane?

Jibu: Usifanye hivyo. Msasa hula mihuri yenyewe. Kitambaa kikavu kinatosha.

Swali (Njombe): Shikamoo. Ya kwetu ina taji na herufi C na I zilizofungamana. Si ya Kijerumani wala ya Kiingereza?

Jibu: Marahaba. Maelezo yako yanaelekea kwenye bunduki ya Kireno ya mwaka 1904, yenye alama ya mfalme Carlos I. Kuwapo kwake Njombe kunaelezeka: Wajerumani waliteka silaha za Wareno huko Ngomano, Msumbiji, Novemba 1917, kisha mwaka 1918 wakarudi kupitia Songea na Ubena, yaani eneo la Njombe. Waliposalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, walikabidhi bunduki zaidi ya 1,000, nyingi zikiwa za Kiingereza na za Kireno. Tuma picha ya ubavu wa kushoto, na umwulize mzee wenu kama ukoo uliipata kabla au baada ya jeshi hilo kupita.