Dati baiki ya mtumba: ekzosi ingoje, injini kwanza

Ukishanunua dati baiki (pikipiki ya njia mbovu) iliyotumika hapa Malindi najua roho itakutuma kwa ekzosi, lile bomba la moshi, ule mlio upige mpaka Mambrui, lakini we tulia kwanza, hiyo pesa ipeleke kwa injini.

Anza na filta ya hewa maana mchanga wetu hauna huruma. Itoe, ikiwa ni ya sponji ioshe na maji na sabuni, usitumie petroli itaila gundi, iache ikauke kabisa kisha ipake oili ya filta uirudishe, na uangalie imekaa sawa mana ikiacha upenyo mdogo tu vumbi linaingia linasaga ringi (pete za pistoni) na silinda. Alafu mwaga oili injini ikiwa na moto, uitazame: iking'aa vichuma ita fundi. Moshi wa bluu ujue inakula oili, ni ringi au sili za valvu. Ikiwaka vizuri baridi lakini ikipata moto inasumbua kuwaka, mwambie fundi apime nafasi za valvu.

Plagi, cheni, hizo bei rahisi, badilisha tu.

Sasa ekzosi. Ile ya wazi kwa injini ya kabureta mara nyingi inataka jeti (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) kubwa kidogo, bila hivyo petroli inakuwa chache, injini inachemka, plagi inatoka nyeupe. Na nguvu yenyewe inayoongezeka ni kidogo, kelele ndo nyingi (majirani watakwambia). Ila kama ya zamani imeoza kwa chumvi ya bahari, hapo nunua.