Kujenga tabia ndogo za afya baada ya kuacha kazi nzito

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia shemeji yangu, aliyekuwa mhasibu mkuu wa hoteli ya kitalii upande wa Nungwi, na ambaye baada ya kupokea kiinua mgongo alirudi kwao Wete, kisiwani Pemba, akiwa na nia njema nyingi na presha iliyopanda. Mimi nilikuwa muuguzi, zaidi wa zamu za usiku, mpaka nilipostaafu, kwa hiyo hali hii naijua kwa pande zote mbili. Kazi nzito humchosha mtu, lakini pia humpangia siku: humwamsha, humlisha kwa wakati wake na kumtembeza bila ya kumuuliza. Ikishaondoka, siku hubaki kama ng'ombe aliyekata kamba, na ndiyo maana mengi ya yafuatayo yanahusu kutafuta kigingi kipya.

Hatua ya kwanza: pima, kisha pumzika

Nenda kituo cha afya kilicho karibu upimwe presha na sukari, na matokeo uyaandike. Kama unatumia dawa, mweleze daktari unachokusudia kubadilisha. Kisha pumzika wiki mbili au tatu bila ya kujilaumu.

Hatua ya pili: iandike siku kama ilivyo

Kwa siku tatu andika kwenye daftari unayoyafanya tangu kuamka mpaka kulala, pamoja na kinachokufanya uyafanye. Usiandike ratiba unayoitamani. Waliokuwa wakuu makazini huzipenda ratiba kuliko wanavyozifuata.

Hatua ya tatu: chagua jambo moja na ulipunguze

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate kati ya dakika 150 na 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na aliyefikisha miaka 65 aongeze mazoezi ya kujiimarisha asianguke, angalau siku 3. Hayo ni ya kuyafikia baadaye. Pa kuanzia ni dakika tano za kutembea, au kikombe kimoja cha maji kabla ya chai ya asubuhi. Jambo lenyewe liwe dogo kiasi cha kukuonea haya kulisimulia, kwa sababu hata siku ya homa au ya mgeni utaliweza.

Hatua ya nne: lifunge kwenye kigingi

Hapa ndipo shemeji alipokwama muda mrefu kuliko hatua nyengine zote zikijumuishwa. Mwanzo alijiwekea saa: kila siku saa kumi na moja jioni atoke atembee. Simu ilipiga kengele, akaizima, akasema bado kidogo. Alipokuwa kazini saa ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake walikuwepo watu wanaomsubiri. Nyumbani hakuna anayesubiri, na saa peke yake haimwinui mtu kitini.

Kwa hiyo kigingi kisiwe saa, bali kiwe tukio linalotokea kila siku, utake usitake, na lenye mwisho unaoonekana. Kwa wengi wetu visiwani, swala tano ndizo zinazofaa kwanza, tena tunayo bahati ya kijiografia. Pemba iko nyuzi 5 hivi kusini ya ikweta, na tofauti baina ya Magharibi ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa katika mwaka haifiki saa nzima. Aliyeko London hawezi kufanya hivi, kwani huko jua huzama kabla ya saa kumi alasiri mwezi wa Disemba na baada ya saa tatu usiku mwezi wa Juni. Kwa asiyeswali, kengele ya kanisa au birika la chai linapoanza kuchemka hufanya kazi ile ile.

Lakini "baada ya Alasiri nitatembea" bado haitoshi, na hili ndilo lililotugharimu. Baada ya Alasiri kuna kahawa, kuna dhumna, kuna aliyekuja kuuliza habari za kiwanja, na mara Magharibi imeingia. Kigingi lazima kiwe kitendo kimoja cha mwili. Tulipokibadilisha kikawa "nikishavaa makubadhi mlangoni mwa msikiti, nageuka kushoto", mambo yalinyooka, kwa sababu kulia ndiko kwenye baraza na kushoto ni njia inayoteremka bandarini. Kuteremka ni rahisi, na aliyeteremka hana budi kupanda ili arudi nyumbani. Wala usikifunge kwenye adhana yenyewe, maana adhana ikilia kila mtu ana haraka ya kwenda kutawadha. Dada yangu, ambaye huswali nyumbani, kigingi chake ni kukunja mswala. Akishaukunja, husimama na kukaa kitini mara kadhaa bila ya kushika popote, zoezi zuri mno kwa magoti na mapaja, na halihitaji hata kutoka nje.

Vifaa viwe pale pale kigingi kilipo. Kikombe cha maji kikae karibu na birika, si kabatini, na viatu vya kutembelea viwe ndivyo vile vya kwendea msikitini.

Yapo mambo manne ya kuangalia. La kwanza ni masika. Kuanzia Machi mpaka Mei mvua ya Pemba haina simile, kwa hiyo kigingi kibaki pale pale lakini kitendo kibadilike: badala ya njia ya bandarini, fanya zoezi la kiti. Kilicho muhimu ni kwamba kigingi kisipite mikono mitupu.

La pili ni Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya miladi, na kwa hiyo hukutana na kiangazi mwaka mmoja na masika miaka mengine. Mfungaji asijilazimishe kupanda mlima baada ya Alasiri akiwa na kiu. Wengine hutembea polepole robo saa kabla ya futari, wengine baada ya Tarawehe, na mimi napendelea Tarawehe kwa sababu maji yanapatikana. Uhamisho huo uanze kujaribiwa mwishoni mwa Shaabani. Ukingoja mpaka mwezi wa kwanza uonekane, siku za mwanzo zitakuwa zimejaa mambo ya jikoni na ya futari, na tabia itapotea humo.

La tatu ni mazishi, harusi na safari za boti. Siku hizo zisihesabiwe kabisa, wala zisilipwe kwa kufanya mara mbili kesho yake. La nne, usifunge tabia mbili kwenye kigingi kimoja mpaka ile ya kwanza imetulia.

Hatua ya tano: weka alama ukutani

Tumia kalenda ya ukutani na kalamu ya wino. Sizipendi programu za simu wala saa za mkononi za kuhesabu hatua kwa kazi hii, na sababu yangu si ushamba: simu ndiyo iliyokuwa kamba ya kazi, na anayeifungua kuweka alama hukutana na ujumbe wa ofisi ya zamani, akazama humo nusu saa. Ukiweza, toka kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Watakaokuhitaji watakupigia.

Shemeji alikuwa ameambiwa kuwa tabia hujengeka kwa siku 21, na zilipopita bila ya kuona wepesi wowote akataka kuacha. Utafiti uliofanywa London kwa watu 96 na kuchapishwa mwaka 2010 ulikadiria wastani wa siku 66, na baina ya mtu na mtu ulikuwepo mwachano mkubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Utafiti huo huo ulionesha kwamba kuruka siku moja hakuharibu kitu cha maana. Siku iliyorukwa iache tupu kwenye kalenda, usiitie alama nyekundu.

Hatua ya sita: waambie watu wa baraza

Usipowaambia watakudhania una kinyongo nao. Wala baraza lisiachwe, kwa sababu mtu aliyezoea kuzungukwa na wafanyakazi akabaki peke yake huporomoka haraka. Kahawa chungu haina ubaya kwa walio wengi, ila asiyelala vizuri aiache baada ya Alasiri. Cha kuangaliwa ni kashata na haluwa zinazoandamana nayo, na kwa bahati mbaya haluwa ya Wete ni tamu kweli.

Hatua ya saba: ongeza ya pili

Ukijikuta umeshageuka kushoto kabla ya kukumbuka, wakati umefika. Ningeshauri ya pili iwe sukari ya chai. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nishati ya siku, na ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani gramu 25 hivi au vijiko 6 vya chai, ni bora zaidi. Anayetia vijiko vitatu kwa kikombe huvimaliza kwa vikombe viwili. Punguza nusu kijiko tu, na kigingi kiwe kuushika mkebe wa sukari. Ikiwa tabia ya pili inaiyumbisha ya kwanza, iondoe, subiri mwezi, kisha uijaribu kwenye kigingi chengine.